Umra Yangu na Wanawake Waliotangulia Njia

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama bado nakesha na zamu za usiku au nimeshahamia nchi nyingine. Nipo palepale Leicester, wodi ileile, baridi ileile. Nilitaka kuwaandikia habari hizi mapema lakini kila nikianza nashindwa, maana ni jambo ambalo wanawake tunanong'onezana tu. Leo nimeamua niseme. Kaka zangu mnaosoma vumilieni, nanyi mna mama na dada.

Mwezi wa Rajabu, Januari 2024, nilikwenda Umra na mama yangu. Kwa wasiojua, Umra ni ile ziara ya Makka ambayo haina siku maalumu kama Hija. Unaingia kwenye ihramu kwenye kituo kilichowekwa njiani kiitwacho mikati, unazunguka Al-Kaaba mara saba (tawafu), unakwenda baina ya Safa na Marwa mara saba (saayi), unapunguza nywele, umemaliza. Ukiwa mzima na njia ni nyeupe, ni kazi ya masaa machache. Mimi ilinichukua siku tano.

Mkasa wenyewe ulianza 2020. Kaka yangu, mama na mimi tulikuwa tumepanga kwenda mwezi wa tatu. Kaka alikuwa aje kama maharimu wangu, kwa sababu wakati ule mwanamke aliye chini ya miaka 45 hakupewa viza ya Umra bila mume au ndugu wa kiume asiyeweza kumuoa. Aliyezidi umri huo aliweza kwenda na kundi akiwa na barua ya ruhusa. Yaani mama yangu, mtu mzima wa Tanga, angeweza kwenda na kundi, lakini mimi muuguzi mwenye digrii, ninayeachiwa wodi nzima usiku, nisingeweza. Mimi sikulalamika sana, ndiyo ilikuwa kawaida. Basi tarehe 27 Februari 2020 Saudia ikafunga Umra kwa wageni kwa sababu ya korona. Badala ya Makka nikaingia kwenye ile miezi ambayo wauguzi wenzangu mnaijua, sina haja ya kuieleza. Umra ilipofunguliwa tena tarehe 4 Oktoba 2020, ilikuwa kwa waliomo ndani ya Saudia tu, watu 6,000 kwa siku. Nilitazama picha za wale wachache wanazunguka Al-Kaaba wamepishana hatua kadhaa, nikalia peke yangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Baadaye kaka akabanwa na kazi na watoto, na baba yetu alishatangulia mbele ya haki. Nikajua safari imekufa. Kumbe mambo yalikuwa yanabadilika. Mwaka 2021 Saudia iliwaruhusu wanawake kujiandikisha kwa Hija bila maharimu, ilimradi wawe kwenye kundi. Oktoba 2022 Waziri wa Hija na Umra, Tawfiq Al-Rabiah, akiwa Cairo, akatangaza kwamba mwanamke hahitaji tena maharimu kwenda Hija au Umra. Najua masheikh hawaoni jambo hili kwa jicho moja, na si la leo. Sisi Mashafi vitabu vyetu vimetaja tangu zamani kundi la wanawake waaminifu kwa safari ya faradhi, na Umra ya kwanza kwetu ni faradhi. Nikamuuliza ustadhi wetu hapa Leicester, akaniambia, "Dada, nenda na mama yako, shikamaneni na kundi." Mama akaruka kutoka Dar es Salaam, mimi nikaruka kutoka huku, tukakutana Madina. Tulivyokumbatiana pale hotelini hata shikamoo niliisahau.

Madina tulikaa siku tatu. Mama miguu yake ni mibovu, magoti yamekwisha, kwa hiyo nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kutwa. Na hii ndiyo ilikuwa ndoto yangu wadau: miaka kumi na zaidi nimesukuma wazazi wa watu wengine kwenye korido za hospitali, sasa nimsukume mama yangu mwenyewe kuzunguka Al-Kaaba. Sikutaka kingine.

Nikiwa ndani ya Msikiti wa Mtume (S.A.W.) nilimkumbuka mtu ambaye sikuwahi kufundishwa chuoni. Tulifundishwa Florence Nightingale na taa yake ya vita vya Crimea, na mimi namheshimu. Lakini katika msikiti uleule, mwaka 627, kulikuwa na hema la mwanamke aitwaye Rufaida, wa kabila la Aslam, aliyekuwa akitibu majeruhi. Sa'd bin Mu'adh alipochomwa mshale kwenye vita vya Handaki, Mtume aliamrisha apelekwe kwenye hema la Rufaida ili awe karibu naye amtembelee. Hakupona yule bwana, jeraha lilimuua. Kila muuguzi anajua mgonjwa wa namna hiyo. Nilikaa pale kwenye zulia nikawaza, kumbe kazi yangu hii ilianzia ndani ya msikiti.

Sasa ndiyo nifike kwenye aibu yangu. Asubuhi ya Jumatatu, siku ya kuondoka Madina kwenda Makka, nikaamka nimeingia mwezini.

Jamani, mimi ni muuguzi! Nilikuwa na vidonge vya kuchelewesha hedhi, nimeandikiwa na daktari, najua vinavyofanya kazi. Lakini kabla ya safari nilikuwa na zamu nne za usiku mfululizo, usiku ukawa mchana, mchana ukawa usiku, nikavisahau mara mbili. Kitu ambacho ningemsema mgonjwa wangu kwa ukali kabisa, nimekifanya mwenyewe. Ndege yetu ilikuwa Ijumaa usiku. Siku zangu huwa tano. Hesabu mwenyewe.

Mwanamke mwenye hedhi hafanyi tawafu mpaka atwaharike, na saayi haiji ila baada ya tawafu. Nikamwambia mama kwa sauti ya chini kule bafuni, huku nikijua nimeharibu safari ya miaka minne. Mama hakunigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Mwanangu, unadhani wewe ni wa kwanza?"

Mama yangu hakufika mbali shuleni, lakini chuoni kwa maalimu alisoma vizuri. Kwenye basi, kuanzia Madina, alinisomesha darsa ambalo sijawahi kulipata kokote. Tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye vitabu kuyahakiki aliyoniambia, na nimeyakuta vilevile.

Kituo cha kwanza ni Dhul Hulayfa, ambako siku hizi wanapaita Abyar Ali, kilomita chache tu nje ya Madina. Hapo ndipo mikati ya watu wanaotoka upande huo. Mwaka wa 10 Hijria, yaani 632, Mtume alipita hapo na umati mkubwa akienda Hija yake ya kuaga. Katika msafara alikuwemo Bi Asmaa binti Umays, mke wa Abubakar. Mwanamke huyu alikuwa ameshaona dunia: yeye na mume wake wa kwanza, Ja'far bin Abi Talib, waliishi Habasha miaka mingi kama wakimbizi. Ughaibuni anaujua. Basi hapo Dhul Hulayfa akajifungua mtoto, Muhammad bin Abubakar. Akatuma mtu kumuuliza Mtume, nifanye nini? Akajibiwa aoge, ajifunge kitambaa vizuri, aingie ihramu.

Fikirini hilo kidogo. Mwanamke amejifungua njiani, ana damu ya uzazi, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 400 za jangwa juu ya ngamia. Kwenye wodi ya wazazi sisi tungemwambia apumzike. Yeye hakuuliza kama anaweza kurudi nyumbani, aliuliza aendeleeje. Na jibu alilopewa ndilo linalotumika mpaka leo kwa kila mwanamke anayefika mikati akiwa na damu. Nami nikafanya lilelile: nikaoga, nikajifunga, nikatia nia.

Ustadhi wa kundi letu akaniongezea jambo moja. Akaniambia niweke sharti wakati wa kutia nia, kwamba nikizuiliwa na jambo, basi pale nitakapozuiliwa ndipo nitakapovulia ihramu. Sharti hili nalo lina mwanamke nyuma yake. Ni Bi Dhubaa binti Zubayr, binamu yake Mtume, aliyetaka kuhiji naye ni mgonjwa, akamweleza Mtume shida yake, na yeye akamfundisha aseme hivyo. Maradhi ya mwanamke mmoja yakawa mlango kwa wagonjwa wote waliokuja baada yake. Mlango huo nilikuwa nimeuegemea mimi siku ile.

Karibu na Makka kuna mahali paitwapo Sarif. Hapo ndipo Bi Aisha, katika msafara uleule wa mwaka 632, alipoingia mwezini. Mtume alimkuta analia. Alimfahamisha kuwa hilo ni jambo ambalo Mungu amewaandikia mabinti wa Adam, afanye yote anayofanya hujaji isipokuwa tawafu. Mama aliposimulia hapo nilikuwa nami nalia, nimegeukia dirisha. Siyo kwa uchungu tena. Ni vile kusikia kwamba Bi Aisha naye alilia, kwa sababu ileile, kwenye njia ileile.

Kisa chake hakikuishia hapo. Alipotwaharika akamaliza Hija yake, lakini roho haikutulia. Wenzake wanarudi na Hija na Umra, yeye anarudi na Hija peke yake. Akamwambia Mtume. Hakuambiwa asiwe na makuu. Mtume alimwamuru kaka yake, Abdurrahman, ampandishe ngamia ampeleke Tan'im, nje kidogo ya mpaka wa Haram, akaingia ihramu ya Umra hapo, usiku uleule akaifanya. Leo Tan'im ni kama kilomita saba kutoka Al-Kaaba na msikiti wake unaitwa Msikiti wa Aisha. Mabasi na teksi haziishi kupeleka watu wanaotaka Umra nyingine, na wengi wao wanakwenda kuwafanyia wazee wao waliokufa. Hao wote, wanaume kwa wanawake, wanapita kwenye kituo cha binti aliyeona kafungu kake hakajatimia akasema.

Tukafika Makka usiku. Kundi likaenda kufanya Umra. Mimi nikabaki chumbani. Mama alisukumwa na kijana wa kukodi pale Haram, mtu asiyemjua, na mimi nipo ghorofa ya tisa nimekaa na kabati. Nisiwafiche, usiku ule nilimnunia Mungu. Nilisema, kitu kimoja tu nilikuomba.

Siku tatu nilikaa vile. Muumini akiwa kwenye ihramu hapaki manukato, hakati kucha, hakati nywele. Nilikuwa na sabuni isiyo na harufu, kama ile tunayonawia wodini. Adhana ikilia nasikia watu wanamiminika barabarani kama mto, mimi nabaki na dua na tasbihi. Mama akirudi ananiletea maji ya Zamzam na tende, hanihoji.

Katika siku hizo ndipo nilipomkumbuka Bi Ummu Salama, na kisa cha Hudaybiya. Mwaka 628 Mtume alitoka Madina na watu kama 1,400, wote kwenye ihramu ya Umra. Makureshi wakawazuia pale Hudaybiya, upande wa njia ya Jeddah. Ukaandikwa mkataba: mwaka huu rudini, mwakani mtakuja siku tatu. Mtume akawaambia masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe, yaani wavue ihramu bila ya kuiona Al-Kaaba. Akasema mara tatu. Hakuinuka hata mmoja. Watu walikuwa wamevunjika moyo, wametembea njia yote ile na Makka iko pale mbele.

Mtume akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza. Naye hakutoa hotuba. Alimshauri atoke, asiseme na mtu yeyote, achinje mnyama wake na amwite kinyozi amnyoe. Alipofanya hivyo, watu wakaamka wakachinja na kunyoana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka uliofuata, 629, wakarudi wakafanya Umra yao, na wanahistoria wanaiita Umra ya kulipa. Katika kazi yetu ya wodini mshauri wa namna hii ni dhahabu. Familia ikiwa imeganda kwa huzuni, maneno hayaingii. Anza kufanya kitendo kidogo, nao watakufuata.

Kisa hiki kilinitoa kwenye kununa. Watu 1,400, na Mtume mwenyewe akiwemo, walivaa ihramu wakazuiliwa. Mimi ni nani nisizuiliwe siku tatu? Nikaamka, nikafua nguo za mama, nikawapima presha bibi wawili wa kundi letu waliokuwa wanaumwa kichwa, nikawapangia dawa zao. Nikaacha kuhesabu masaa.

Alhamisi usiku nikatwaharika. Siku nne, si tano. Sina la kueleza kitaalamu zaidi ya kwamba hutokea. Nikaoga, nikamwamsha mama saa nane usiku. Akavaa buibui lake bila kuuliza, akakaa kwenye kiti chake, nikashika mipini. Nikamsukuma mama yangu kuzunguka Al-Kaaba, mara saba. Hapo sitasimulia zaidi, niachieni hapo.

Saayi mama alisema atanisubiri Marwa. Njia ile mtu hutembea kama kilomita tatu kwa jumla. Leo ni jengo la ghorofa, marumaru na viyoyozi, lakini mpaka miaka ya 1950, kabla ya Wasaudi kuanza upanuzi wa 1955, ilikuwa barabara yenye maduka pembeni, watu wanafanya saayi katikati ya wauzaji. Na kabla ya hapo, kabla ya duka, kabla ya mji, kulikuwa na mwanamke mmoja tu.

Bi Hajar tunamsimulia haraka mno. Mwanamke wa Kiafrika kutoka Misri, ameachwa na mumewe Nabii Ibrahim kwenye bonde lisilo na mti, ana mtoto mchanga. Alipojua kuwa ni amri ya Mungu alikubali abaki. Lakini maji yakaisha kwenye kiriba, maziwa yakakauka. Mimi nimewaona watoto waliokaukiwa maji. Utosi unabonyea, analia bila machozi, kisha hata kulia anaacha, na hapo ndipo muuguzi anapokimbia. Hajar alikimbia. Mara saba, kutoka kilima mpaka kilima, anatazama kama kuna msafara, mpaka maji yakatoka pale alipokuwa mtoto. Imani yake haikumkalisha chini. Alimtegemea Mungu na miguu ikienda.

Kwenye kipande chenye taa za kijani, ambako kulikuwa na bonde, wanaume wanakwenda mbio na wanawake tunatembea. Nilitabasamu. Mamilioni ya wanaume, wafalme na mafukara, wanakimbia kwa kumuiga mama mmoja, mgeni, aliyekuwa kijakazi.

Maji nayo yana mwanamke mwingine. Zamzam haikutosha mahujaji walipokuwa wengi, na Makka ilikuwa na kiu. Bi Zubeda, mke wa Khalifa Harun Al-Rashid wa Baghdad, aliyefariki 831, alijenga mfereji kuleta maji kutoka milimani. Inasimuliwa mafundi walimwonya juu ya gharama, akasisitiza ichimbwe hata kama kila pigo la sururu litagharimu dinari. Mfereji wa Ain Zubeda ulinywesha watu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Njia ya mahujaji kutoka Kufa mpaka Makka, zaidi ya kilomita 1,400 zenye visima na mabirika, inaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Nikafika Marwa, mama ananyoosha kidole kimoja. Nikarudi Safa, nikaja tena, vidole vitatu. Halafu vitano. Mara ya saba alikuwa na mkasi mdogo mkononi, alioufunga kwenye leso toka Tanga. Pale pembeni, ndani ya mtandio, akakata ncha ya nywele zangu, urefu wa pingili ya kidole. Akasema, "Haya, umemaliza. Ulidhani hutamaliza."

Wapendwa, nimeandika haya kwa ajili ya dada mmoja mahali fulani anayepanga safari na ana hofu niliyokuwa nayo. Vidonge meza kwa saa zake, usiwe kama mimi. Panga siku za Makka ziwe nyingi kidogo, weka sharti pale mikati, na umuulize ustadhi wako mapema bila haya, kwani hao wanawake nao waliuliza. Na mambo yakiharibika usidhani umefukuzwa. Njia ile ina nyayo za mzazi, mgonjwa, mwenye hedhi na mwenye kiu, na kila mmoja wao alifika.

Mama amerudi Tanga, anawasalimu. Mimi kesho naingia zamu ya usiku. Tuombeane.